Mtoto Anataka Dramu: Tuanzie Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha wazazi na vijana. Wengi wenu mlikuwa zamu ya usiku, mkaomba yaandikwe.



Familia nyingi zimeniuliza swali moja: "Kijana wetu anapiga dramu kwenye kwaya, sasa anataka zake nyumbani. Tufanyeje?" Wengine mnaziita dramu, wengine batri, ni kitu kilekile. Baadhi ya wazazi wanaona ni kelele tu. Mimi nasema tusimkatishe tamaa mtoto. Darasani anahangaika na Kiingereza siku nzima, lakini kwenye ngoma anaeleweka mara moja. Ila kuna mambo matatu anayoweza kuyaharibu asipoongozwa: nyumba, masikio na pesa.

Nyumba

Kule kambini ukipiga ngoma, majirani walikuja kucheza. Hapa Marekani kuta za apatimenti ni nyembamba, na jirani yako anaweza kuwa analala mchana kwa sababu anafanya kazi usiku. Huenda asigonge mlango wako. Atapiga simu kwa meneja.

Mkataba wako wa kupanga una kifungu cha kelele. Mara nyingi saa za utulivu ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi, lakini angalia wa kwako. Usidhani mchana kila kitu kinaruhusiwa. Kelele zikizidi hata saa 9 alasiri utaandikiwa onyo. Maonyo yakirundikana, mwenye nyumba anaweza kufungua kesi ya kukutoa, na rekodi ya kesi hiyo inaweza kukufuata utakapotafuta nyumba nyingine. Kwa hiyo ukikuta barua mlangoni, usiifiche kwenye droo. Ilete ofisini siku hiyohiyo tuisome pamoja.

Ushauri wangu ni huu: ukiwa kwenye apatimenti, dramu kamili zisikae nyumbani. Nyumbani nunua padi ya mazoezi, kile kibao chenye mpira juu, na dramu kamili apige kanisani au shuleni. Dramu za umeme zina hedifoni, lakini kanyagio la mguu bado linagonga sakafu, na anayekaa chini yako atalisikia. Hizo zinafaa zaidi kwa anayeishi ghorofa ya chini, tena juu ya zulia nene.

Masikio

NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inashauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu, na dramu kwenye chumba kidogo zinafika hapo kwa urahisi. Mtoto akitoka mazoezini masikio yanalia "nziii", hiyo ni dalili ya hatari. Masikio yakishaharibika kwa kelele, hayarudi. Vizibo vya masikio vinauzwa duka la dawa kwa dola chache. Avae kila mara, na mdogo wake anayekaa pembeni kusikiliza avae pia.

Pesa

Anzeni na vijiti vya saizi 5A na padi. Vyote viwili havipaswi kuwagharimu pesa nyingi. Akifanya mazoezi miezi mitatu bila kusukumwa, hapo ndipo mzungumze kuhusu dramu za mitumba.

Kabla ya kulipa, nendeni mkazione na kuzigusa. Angalieni kama matoazi yana ufa ukingoni na kama skrubu zote zinazunguka. Msitume pesa kwa mtu msiyemwona, na anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi ni tapeli. Jihadharini pia na maduka ya kulipa kidogokidogo kila wiki: jumlisheni malipo yote kabla ya kutia sahihi, mara nyingi yanapita sana bei ya kitu chenyewe.

Kuzipanga

Vijana, sasa nisikilizeni ninyi. Wengi mnakaa kwenye dramu jinsi mlivyozikuta, halafu mgongo unauma. Dramu ndizo zinazomfuata mpigaji.

Anza na zulia ili zisiteleze. Kisha kiti. Kaa, nyayo zote mbili ziwe chini, mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Weka ngoma kubwa ya mguu mbele ya mguu wa kulia, na kanyagio mahali mguu unapoangukia wenyewe. Sneya iwe katikati ya magoti, juu kidogo ya mapaja, ili kijiti kisigonge mguu. Haihati iwe kushoto, juu ya sneya, mikono ipishane bila kugongana. Tomu ndogo ziinamie kwako kidogo tu, ile kubwa ya sakafuni ikae kulia. Toazi kubwa la raidi liwe kulia, mahali unapofika bila kunyoosha bega. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kugeuza yote.

Toazi lisikazwe sana kwenye stendi. Liachwe liyumbe, la sivyo litapasuka. Ngozi ya ngoma kaza kwanza kwa vidole, halafu kwa ufunguo nusu mzunguko, kila mara ukivuka upande wa pili, kama fundi anavyokaza nati za tairi la gari. Ukikaza kwa kufuata duara, ngozi inavutwa upande mmoja na sauti haitulii.

Mkono

Shika kijiti kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu theluthi moja kutoka nyuma. Vidole vingine vikizunguke bila kukibana. Ukipiga, kiache kirudi chenyewe kama mpira unavyodunda. Mikono ikichoka ndani ya dakika mbili, ujue unabana.

Kila siku dakika 20 kwenye padi zinashinda saa tatu za Jumamosi peke yake. Weka metronomu ya bure kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika. Dakika tano za kwanza piga kulia, kushoto, kulia, kushoto. Tano zinazofuata piga mbilimbili: kulia kulia, kushoto kushoto. Tano nyingine fanya zoezi hili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Za mwisho, hesabu moja hadi nne: mguu unapiga moja na tatu, mkono wa kushoto unapiga mbili na nne, wa kulia unagawa kila hesabu mara mbili. Usiongeze kasi mpaka mikono yote itoe sauti sawa, na ukiongeza, ongeza mapigo 5 tu.

Najua mnataka kukimbilia sebene. Msikilizeni Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1969. Anatajwa kuwa ndiye aliyeupa muziki wetu mdundo wa cavacha. Mdundo ule unakwenda mbio, lakini hautikisiki. Wanaocheza wanautegemea kama abiria wanavyomtegemea dereva.

Shuleni

Wazazi, shule nyingi hapa zina bendi, na ngoma ni sehemu yake. Mara nyingi shule yenyewe ina ngoma, na mwalimu anafundisha bila malipo ya ziada. Pigeni simu mkaulize kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mkitajiwa ada ya sare au safari, ulizeni kama kuna msamaha kwa familia zenye kipato kidogo, na ombeni mkalimani. Kuomba si aibu. Binti anapokelewa sawasawa na mvulana, kwa hiyo asiambiwe nyumbani kwamba ngoma si yake.

Na msione kama mtoto anapotea. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Watu wetu wanaheshimiwa kwa ngoma. Mtoto anayejifunza kuhesabu, kusubiri zamu yake na kuwasikiliza wenzake anajifunza kazi pia.

Wiki hii fanyeni mambo mawili: tafuteni kifungu cha kelele kwenye mkataba wenu, na mwulizeni mwalimu kuhusu bendi. Mkikwama kwenye lolote, njooni na karatasi zenu.