Redoni Katika Nyumba na Maji: Tupime Kabla ya Kuhofu



Redoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokana na urani iliyomo kwa kiasi kidogo katika udongo na miamba karibu yote. Msidhani ni jambo la Namtumbo peke yake, penye hazina ya urani ya Mto Mkuju. Hupenya katika nyufa za sakafu na kujikusanya katika nyumba isiyopitisha hewa. Ikivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya mapafu, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wavutaji wa sigara.

Nyumba mbili jirani huweza kutofautiana, hivyo kipimo pekee ndicho kitoacho jibu. Kifaa kidogo cha kupimia huwekwa chumba cha kulala, mbali na dirisha na moshi wa jiko, kikaachwa muda wa miezi mitatu au zaidi, kwa kuwa kiasi cha gesi hubadilika kila siku. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo ya hewa. Pasipowezekana, kisivuke 300.

Maji ya kisima kirefu huweza kubeba redoni. Ya mto na ya mvua huwa nayo kidogo sana. Sampuli ijazwe taratibu katika chupa ya kioo hadi pomoni, pasibaki povu, ifungwe na kufikishwa maabara upesi, kwani nusu ya redoni hutoweka kila baada ya siku nne hivi.

Tunawasihi: msikiache kisima safi mkarudia maji ya dimbwi kwa hofu ya redoni. Kipindupindu huua kwa saa chache. Kuyachemsha maji mahali penye hewa huondoa sehemu kubwa ya gesi hiyo.

Kipimo kikizidi, zibeni nyufa za sakafu, fungueni madirisha, na wekeni wavu wa kuzuia mbu ili yabaki wazi usiku.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote anayeuza kifaa au chujio, ulizeni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.