Sanduku Lililopasuka: Somo la Samani za Ulaya ya Kale

 

Leo tutazungumza juu ya samani za Ulaya katika zama za kale, na hasa juu ya sanduku. Kama una sanduku la mbao nyumbani, litazame kwanza. Je, lina ufa ubavuni? Ikiwa unao, usifanye haraka kumlaumu fundi. Ufa kama huo uliwasumbua mafundi wa Ulaya kwa mamia ya miaka, na namna walivyoushinda ndiyo habari yetu ya leo.

Tuanze na Warumi. Mwaka 79 baada ya Kristo, mlima Vesuvius ulilipuka katika nchi iitwayo leo Italia, ukaufukia mji wa Herculaneum. Joto liligeuza mbao nyingi kuwa makaa, lakini maumbo yake hayakupotea. Wachimbaji wa baadaye wamekuta vitanda, makabati, hata kitanda cha kitoto kichanga cha kubembeleza. Kwa hiyo twajua kwamba mafundi wa Kirumi walikuwa hodari sana.

Lakini utawala wa Kirumi wa magharibi ulianguka mwaka 476, na kazi nyingi za ustadi zikapungua. Kulikuwa na vita mara kwa mara, na wakubwa hawakukaa mahali pamoja. Walihama na watu wao kutoka ngome moja kwenda nyingine, wakichukua mali yao yote. Ndiyo maana hata leo Wafaransa huita samani kwa neno lenye maana ya "kitu kinachohamishika."

Basi kwa watu wa namna hiyo chombo kikubwa kilikuwa sanduku. Liliwekwa nguo, fedha na hati. Safarini lilibebwa, na nyumbani lilikuwa mahali pa kukaa, hata pa kulala. Kiti chenye mgongo na mikono kilikuwa cha mkubwa. Wengine walikaa juu ya masanduku na mabenchi. Sisi nasi tunaposema "mwenyekiti" tunakumbuka jambo lilo hilo: mwenye kiti ndiye mwenye amri.

Sanduku la namna rahisi lilikuwa gogo tu, lililochimbwa ndani kama mtumbwi na kutiwa kifuniko. Mwaka 1199 Papa Innocent wa Tatu aliagiza kila kanisa liweke gogo la namna hiyo kwa kukusanya sadaka za vita vya msalaba. Lilifungwa kwa funguo tatu: moja ya askofu, moja ya padre, na moja ya muumini wa kawaida. Hivyo hakuna mmoja aliyeweza kulifungua peke yake. Mnaoweka fedha za chama, litafakarini jambo hili.

Baadaye mafundi walitumia mbao nene, wakazipigilia misumari na kuzikaza kwa kanda za chuma. Wahunzi walizikunja ncha za kanda hizo mfano wa mizabibu, zikawa nguvu na pambo pamoja. Hata hivyo mbao zilipasuka. Kwa nini?

Sikilizeni vizuri. Mti hata ukiisha kupasuliwa mbao haukomi kujongea. Wakati wa unyevu ubao hutanuka, na wakati wa ukavu husinyaa. Lakini hufanya hivyo katika upana wake. Urefu wake karibu haubadiliki. Sasa chukua ubao uliolala, uupigilie kwenye mguu uliosimama. Ubao unataka kusinyaa, mguu haukubali, na msumari umeushika. Ubao hauna njia ila kupasuka.

Katika karne ya 15 mafundi wa Flanders na nchi za jirani walieneza dawa yake. Walitengeneza fremu ya miti minne, kila ncha ikiwa na ulimi unaoingia katika tundu, ukakazwa kwa kigingi cha mti. Upande wa ndani wa fremu walichimba mfereji mwembamba. Ubao mwembamba uliingizwa katika mfereji huo bila gundi wala msumari. Hapo ubao ukisinyaa husinyaa, ukitanuka hutanuka, na fremu haijali.

Faida zilikuwa nyingi. Sanduku likawa jepesi, na miti ikatumika kidogo. Kwa namna iyo hiyo yakatengenezwa makabati, milango, viti, hata mbao za kufunika kuta. Pambo nalo likabadilika. Badala ya kanda za chuma, fundi alichonga ubao wa katikati ufanane na kitambaa kilichokunjwa. Ukiuona mchongo huo katika picha, jua kwamba unatazama kazi ya fremu.

Fundisho la leo ni hili: fundi mwenye akili hashindani na mti, huupa nafasi.

Kabla hatujaagana, zungumzeni maswali haya katika kikundi chenu:

1. Kwa nini watu wa zamani zile walilipenda sanduku kuliko kabati?
2. Tazameni mlango mmoja wa mbao hapo mlipo. Je, ni wa fremu, au wa mbao zilizopigiliwa? Una nyufa?
3. Funguo tatu za mwaka 1199 zingefaa katika chama chenu?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.