Spika Bila Karatasi

(Mada niliyoitoa kwa vijana wetu Sekenke, wilayani Iramba, Mei 2024. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)



Nimepewa mada ya sheria na ajira kwa vijana. Sasa, ukimuuliza kijana wa hapa anataka mtaji wa nini, atakwambia bodaboda, duara la dhahabu, au vyombo vya muziki. Leo naongelea vyombo. Spika mbili, amplifaya, mikisa, maiki na kinanda: hiyo ni ajira. Harusi unaitwa, msiba unaitwa, mnada unaitwa, kwaya inakukodi. Hata sauti yangu hii mnaisikia kwa sababu kuna kijana kaleta vyombo vyake.

Lakini vyombo hivyo havitengenezwi Iramba. Vinatoka China, Indonesia, Dubai. Vinavuka mpaka, na kwenye mpaka kuna sheria. Sheria hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inatumika hapa kwetu kama inavyotumika Kenya na Uganda. Vijana wengi wanaifahamu siku mzigo unapokamatwa.

Tufanye hesabu. Umeagiza kinanda. Bei, nauli ya meli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam jumla ni shilingi 1,000,000. Ushuru haukatwi kwenye bei ya dukani peke yake, unakatwa kwenye hiyo jumla yote. Ushuru ukiwa asilimia 10, unalipa 100,000. Halafu inakuja VAT ya asilimia 18, na hiyo haipigwi kwenye milioni moja, inapigwa kwenye milioni moja na laki moja. Yaani 198,000. Umeshafika 298,000, na bado tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari na wakala wa kukutolea mzigo.

Sasa mzigo huohuo ukiwekwa kwenye ushuru wa asilimia 25? Ushuru 250,000, VAT 225,000. Jumla 475,000. Tofauti ni 177,000, na imeletwa na namba tu aliyoandika mtu kwenye fomu. Kwenye kitabu cha ushuru, ala za muziki ziko sura ya 92, pamoja na vinanda vya umeme. Spika, maiki na amplifaya ziko sura ya 85, pamoja na vifaa vingine vya umeme. Kijana asiyejua hilo anaweza kukatiwa kinanda chake kama redio, akalipa, akashukuru.

Na ukikatiwa vibaya? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kifungu cha 229 cha sheria hiyo kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna apitie upya uamuzi. Na yeye ana siku 30 za kukujibu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba amekukubalia. Akikukatalia, una siku 45 za kukata rufaa Bodi ya Rufaa za Kodi. Haki hiyo ipo. Kwa nini hatuitumii?

Kwa sababu hatuna karatasi. Vijana wengi wanaagiza kwa mtindo wa kontena la pamoja. Unampa mtu wa Kariakoo hela, anakupigia hesabu ya ujazo wa boksi, "kila kitu ndani", mzigo unafika. Ni rahisi, sikatai. Lakini kadhia ya forodha haina jina lako. Hujui kilitangazwa kama kinanda au kama viatu. Kikiharibika, kikipotea, kikikamatwa, wewe kisheria ni mpita njia.

Wengine wanasema, basi tukanunue Nairobi, si ni Afrika Mashariki moja? Umoja wa Forodha umeanza 1 Januari 2005, na wafanyabiashara wadogo wana cheti chepesi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya. Kinanda cha Indonesia hakigeuki cha Kenya kwa kulala usiku mmoja kwenye duka la Nairobi. Ukifika Namanga unadaiwa upya, wakati aliyekiingiza Mombasa alishalipia. Miaka 19 ya umoja, na kinanda kimoja kinalipiwa mara mbili!

Na sisi tuna jaribu letu la pekee. Barabara hii inapandisha mlima wetu usiku na mchana, malori yanakwenda Rwanda, Burundi na Congo. Mzigo ule ni wa transiti, haujalipiwa ushuru wa Tanzania. Mtu akikunong'oneza usiku, "kuna spika zimeshuka, nusu bei," jua unachonunua. Kifungu cha 200 kinamhusu anayemiliki bidhaa ambayo anajua, au alipaswa kujua, kwamba haijalipiwa: kifungo hadi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani yake, au vyote viwili. Na spika inataifishwa. "Sikujua" haitakusaidia kama uliinunua saa nane usiku kando ya lori.

Sasa tuje kwenye siasa, maana sikuja kuwatisha tu.

Mgodi wa Sekenke ulianza 1909 wakati wa Mjerumani. Dhahabu ya hapa ndiyo iliyotengenezea sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916. Zaidi ya miaka mia dhahabu yetu inatoka. Na mchimbaji mdogo kwa muda mrefu alikuwa anauza gizani, si kwa sababu ni mwizi, ila kodi zilikuwa zinamkimbiza. Mapema 2019 sheria zikarekebishwa, VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa kwake, masoko ya madini yakafunguliwa. Sisi wapinzani tunasema ukweli hata kama hautupendezi: hilo lilikuwa jambo jema. Mtu alipopunguziwa, alitoka gizani.

Basi kinachowezekana kwa jiwe kinashindikanaje kwa kinanda? Waziri wa Fedha tangu 2021, Mheshimiwa Mwigulu Nchemba, ndiye mbunge wa jimbo letu hili la Iramba Magharibi. Juni anasoma bajeti. Kabla ya hapo mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukaa wakakubaliana viwango, na kila nchi huruhusiwa kuomba unafuu wake. Tunamwomba mambo matatu. Ala za muziki na vyombo vya kazi vya kijana anayeanza vipewe unafuu huo. Viwango vya ushuru vibandikwe kwa Kiswahili, hadi ofisi ya kata, ili kijana ajue kabla hajatuma hela. Na ushuru uliolipwa nchi moja ya Jumuiya utambuliwe nchi nyingine.

Na sisi tusikae kusubiri. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi imesitishwa tangu Aprili 2023, kwa hiyo mtaji ni wetu wenyewe. Jiungeni watano, sita. Sajilini kikundi, chukueni TIN, agizeni kwa jina la kikundi. Dai kadhia, dai risiti ya EFD, andika namba ya kifaa, weka nakala kwenye simu. Ukikatiwa vibaya, hesabu siku 30 kuanzia siku ya uamuzi na uandike barua. Barua hiyo nitawasaidia kuiandika bure, namba yangu anayo katibu.

Wanaotutawala hawaogopi kelele za spika. Wanaogopa kijana mwenye spika na risiti yake mkononi.