Ukienda Luxor, Uutazame Mlango wa Juu



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mlioketi huko nyuma, leo tusafiri kidogo. Kuna swali naulizwa na vijana wenye ndugu wanaosoma Azhar. Wananambia: Ustadh, nikienda Cairo kumtembelea ndugu yangu, natamani kupanda ile meli ya watalii ya mto Nile, nikaone mahekalu ya kale. Lakini si ni nyumba za masanamu zile? Nikaangalie nini?

Mimi si mufti. La fatwa waulizeni masheikh. Mimi nitawaambia kilichoko huko, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Meli hutoka Luxor hadi Aswan, safari ya siku tatu au nne hivi. Unaelekea kusini lakini unapanda mto, manake Nile inateremka kutoka huku kwetu kwenda kaskazini. Nzoia na Yala zinamwaga maji Ziwa Victoria, na ziwa ndilo linalotoa Nile Nyeupe, ijapokuwa maji mengi yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia. Kwa hivyo usijione mgeni sana.

Kabla meli haijaondoka, ingia hekalu la Luxor. Wenzako watakimbilia masanamu ya Ramses wa Pili wapigwe picha. Waache. Wewe ukiwa kwenye ua wa kwanza inua macho. Juu ya zile nguzo utaona msikiti, wa Sheikh Yusuf Abul Haggag, mtu wa karne ya 13. Mlango wake mmoja wa zamani uko juu hewani, mita kadhaa kutoka sakafuni, na ngazi hauna. Kwa nini? Kwa sababu ulipojengwa, pale juu ndipo palipokuwa chini! Hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na udongo, na mji ukajengwa juu yake. Wakristo nao walikuwa na kanisa papo hapo kabla ya msikiti. Ufukuaji ulipoanza miaka ya 1880 nyumba zilivunjwa, msikiti ukabaki, na mpaka leo watu wanaswali ndani yake.

Hebu fikiria. Mfalme alichonga jina lake kwenye kila ukuta. Mwandiko wa mwisho wa aina ile tunaoujua uliandikwa mwaka 394, kwenye hekalu la Philae huko Aswan. Baada ya hapo elimu ya kuusoma ikapotea mpaka 1822, alipoufumbua Mfaransa Champollion. Zaidi ya miaka 1,400, jina liko ukutani na hakuna wa kulisoma.

Na tafadhali, mzazi, usimwambie mtoto kwamba Ramses ndiye hasa yule Firauni wa Nabii Musa (A.S.). Qur'an haikumtaja kwa jina, na wanahistoria hawajakubaliana. Watembezaji watalii wanapenda kulisema hilo kwa sababu linapendeza masikioni.

Ukifika Esna, meli inafungiwa baina ya milango miwili ya maji, maji yanaongezwa mpaka inainuka. Hapo wachuuzi wanakuja na vimashua, wanakurushia kanzu zilizofungwa kwenye mifuko mpaka juu melini. Ukiipenda unarusha pesa, hukuipenda unairudisha vivyo hivyo. Utacheka wallahi. Edfu kuna hekalu lililojengwa kuanzia mwaka 237 mpaka 57 kabla ya Nabii Issa (A.S.), nalo lilifukiwa hadi watu wakajenga nyumba juu ya paa lake. Kom Ombo utaona mamba waliokaushwa, na kisima cha kupimia mafuriko. Maji yakipanda, mavuno mazuri, na kodi nayo inapanda!

Lakini hapo Kom Ombo usipite tu. Misri ilipojenga Bwawa Kuu la Aswan, nchi ya Wanubi ikawa inazama. (Usiwachanganye na Wanubi wetu wa Kibra, ambao babu zao walikuja kama askari kutoka Sudan.) Dunia ikachanga pesa kuokoa mawe. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande na kupandishwa juu kiasi cha mita 65, kuanzia 1964 hadi 1968. Philae likahamishiwa kisiwa kingine, kazi ikaisha 1980. Kazi kubwa, sikatai. Na watu je? Wanubi wapatao 50,000, Waislamu wenzetu, walihamishwa 1963 na 1964 wakapelekwa karibu na hiyo Kom Ombo, mbali na mto waliouzoea. Mitende yao, misikiti yao, makaburi ya wazee wao, vyote chini ya maji. Katiba ya Misri ya 2014 iliahidi kuwarudisha na kuiendeleza nchi yao ndani ya miaka 10. Miaka hiyo imekwisha, na wengi bado wako kulekule.

Sasa hilo mtembezaji huenda asikwambie, kwa sababu halina tiketi. Ukishuka Aswan chukua mashua, vuka uende kijiji cha Wanubi, unywe karkade, usikilize lugha yao. Muulize mwenye mashua kijiji cha babu yake kilikuwa wapi. Na nauli yake mpe, usivutane naye sana.

Wabillahi tawfiq.