Mchicha na Matunda Katika Bilauri Moja

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine litakuchekesha, nalo ni kunywa mchicha. Najua mchicha wewe unaukaanga kwa kitunguu, au unautia nazi ukaula na ugali, na hilo usiliache hata kidogo. Lakini ipo njia nyingine, ya kuutwanga au kuusaga pamoja na matunda ukawa kinywaji kizito. Mijini siku hizi wanakiuza kwa bei kubwa. Wewe vitu vyake unavyo shambani, tena vingine vinaoza.

Pita Muheza wakati wa msimu wa machungwa, utaona. Yale mazuri yanaondoka kwa malori. Yale madogo na yenye makovu yanabaki chini ya mti mpaka nzi wayamalize. Hatua chache kutoka mti huo, ndani ya nyumba, pengine yumo mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu. Mchicha una madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengenezea damu. Shida ni kwamba chuma cha mboga za majani mwili hukipokea kidogo kidogo. Vitamini C iliyomo katika chungwa, pera, embe au papai husaidia kipokewe zaidi. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo isinywewe pamoja na mboga. Ingoje saa moja au mbili. Tena mchicha una kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na hicho hutaka mafuta kidogo. Ndiyo sababu tunatia parachichi, au karanga zilizosagwa.

Mama huyo, hata hivyo, asiache vidonge alivyopewa kliniki. Hiki ni chakula. Anayekuambia kinatibu kila ugonjwa anakuuzia maneno.

Sasa basi, tukitengeneze. Kwa watu wanne chukua viganja viwili vya mchicha mchanga, machungwa manne, ndizi mbivu mbili, nusu ya parachichi, na vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chungwa lililoanza kuoza litupe, usilikate upande ukatumia uliobaki. Osha mchicha mara tatu, maana mbolea ya samadi na maji ya mfereji huleta mayai ya minyoo. Kisha uchovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, uutoe, na maji yale uyamwage. Kufanya hivyo huua vijidudu, na hupunguza ule ukakasi wa mchicha unaozuia madini yasipokewe vizuri. Menya machungwa, toa kokwa. Mwenye umeme na mashine ya kusagia matunda asage vyote pamoja. Asiye nayo atwange mchicha mpaka ulainike kabisa, atie ndizi na parachichi, aponde, kisha akamulie machungwa na kuongeza maji. Kipande cha tangawizi hukata ile harufu ya majani. Sukari haina haja. Usichuje, na ukinywe saa ile ile. Kisilale mpaka kesho.

Ila kinu kisiwe kile kilichotoka kutwangia vitunguu saumu! Mimi kimenipata.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Katika kijiji kimoja wilayani humo nilikuwa nikiwaonyesha akina mama kinywaji hiki, na kwa haraka zangu nikasema, "Tumieni mboga yoyote ya majani mliyo nayo." Binti mmoja akaenda uani, akarudi na majani machanga ya muhogo, akayatia kinuni. Bibi mmoja mtu mzima akamshika mkono. Akanigeukia mimi.

"Bwana shamba, mwanangu, kisamvu unakula?"

"Nakula, bibi."

"Kibichi?"

Nilikosa la kujibu. Bibi yule alikuwa sahihi, nami niliyesoma nilikuwa nimekosea, tena kosa la kuweza kuua. Jani la muhogo likiwa zima lina vitu viwili vilivyotengana. Ukilitwanga vinakutana, na hapo ndipo sumu iitwayo sianidi inapotokea. Kwa kisamvu cha kawaida haidhuru, kwa sababu baada ya kukitwanga unakichemsha kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi, na sumu ile inapaa na mvuke. Lakini mtu akitwanga kisha akanywa, anakunywa sumu ikiwa mbichi. Mtoto mdogo ndiye wa kwanza kuanguka. Kwa hiyo majani ya muhogo yasitiwe katika kinywaji hiki kamwe, wala ya muhogo mtamu, wala kidogo kwa kuonja. Majani ya magimbi nayo yaache. Yakiwa mabichi yanachoma koo kama sindano. Tembele na majani ya maboga mimi nashauri yabaki sufuriani. Kinywaji kitoshe na mchicha.

Mtoto aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Akishavuka hapo, mpe kwa kikombe na kijiko, kikiwa kizito na laini, usimpe kwa chupa. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo amwulize mganga wa zahanati kwanza.

Limebaki suala la mchicha wenyewe. Ukipiga dawa ya wadudu bustanini, soma kibandiko cha chupa uone ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, na uzingoje zote, maana kuosha hakuondoi dawa yote. Mimi ningekushauri utenge tuta moja dogo karibu na jiko, usilipige dawa kabisa. Tia samadi iliyooza vizuri, sia mbegu kwa mistari, mwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma. Ukisia tuta la pili wiki mbili baada ya la kwanza, hutakosa mchicha mchanga hata machungwa yatakapokwisha, na hapo utatumia mapera au papai.