Mzigo wa Mwenzio: Hotuba Fupi kwa Wakazi wa Bongwe



Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Lakini garimoshi halimfikishi mtu mlangoni. Kisiwani Mombasa, enzi hizo, watu walisukuma vigari vidogo juu ya reli nyembamba, kubeba abiria. Mizigo ya mjini ikawa kazi ya hamali na mkokoteni wake.

Tangu 2017 treni mpya huishia Miritini, na kwa miaka mingi aliyekuja Bongwe alipitia Likoni. Pale kivukoni mikokoteni ingalipo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Madereva, mpisheni hamali. Mahamali, msipakie kupita kiasi. Usiku fungeni viakisi mwanga. Kila mmoja afike kwake salama.