Mawimbi na Haki ya Ukingo wa Ziwa



Katika Ziwa Victoria, upepo uvumao juu ya maji mapana huinua mawimbi makubwa, nasi hatuwezi kuuamuru. Lakini katika ghuba nyembamba zilizokingwa na upepo, mawimbi ya boti ziendazo kasi yanaweza kumega udongo zaidi. Wimbi lenye kimo mara mbili hubeba nishati mara nne. Mwenye boti hupita. Shamba la mjane hubaki likimegwa. Je, hiyo ni haki?

Basi tupunguze mwendo karibu na ufuko. Tusifyeke mafunjo na matete yanayovunja mawimbi. Tuheshimu mita 60 za ukingo zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004. Ukingo huu tumekabidhiwa na Muumba. Tuwarithishe watoto wetu ukiwa mzima.